Kimondo, Nyotamkia na Kitenzi ‘Kupiga’: Lugha ya Kuelekeza Upigaji Picha wa Nyotamkia katika Kiswahili cha Kikanda

Ikisiri

Nyotamkia inayoonekana bila darubini mara nyingi hukaa katika anga la alfajiri au la jioni kwa muda mfupi tu. Mtu anayetaka kuipiga picha huhitaji maelekezo anayoyaelewa papo hapo, kwa kuwa hapati nafasi ya pili. Makala hii inafafanua namna picha hiyo inavyopatikana na kuonesha mahali ambapo Kiswahili cha maelekezo hukwama: katika jina la kitu chenyewe, katika vitenzi vya kazi ya kamera, na katika namna ya kutaja saa na mahali. Mifano mikuu ni nyotamkia C/2023 A3 ya mwaka 2024 na ile ya Septemba 1882 iliyopigwa picha katika Rasi ya Tumaini Jema. Inadaiwa kwamba tatizo kubwa si upungufu wa istilahi. Tatizo ni maneno yaliyopo ambayo humwelekeza msomaji kutazama kitu kisichokuwepo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 9 Januari 2023 kituo cha uangalizi wa nyota cha Mlima wa Zambarau nchini China kilirekodi nukta hafifu ya mwanga. Tarehe 22 Februari mwaka huohuo mtambo wa ATLAS ulioko Sutherland, Afrika Kusini, uliiona tena, na ikathibitika kuwa ni nyotamkia iliyokuwa inaelekea kwenye Jua. Ikapewa majina ya wote wawili: Tsuchinshan, ambalo ni tahajia ya zamani ya jina la mlima huo, na ATLAS. Alama yake rasmi ni C/2023 A3. Ilifika karibu kabisa na Jua tarehe 27 Septemba 2024, ikawa karibu kabisa na Dunia tarehe 12 Oktoba, kwa umbali wa kilomita milioni 71 hivi. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo ilionekana alfajiri upande wa mashariki, kisha ikahamia magharibi na kuonekana baada ya Jua kuzama.

Tarehe hizo zina maana kwa wataalamu wa lugha. Kati ya uthibitisho wa Februari 2023 na kuonekana kwa nyotamkia hiyo kwa macho ya watu wa kawaida ilipita miezi 19. Ni mara chache mpanga lugha hupewa taarifa mapema kiasi hicho kwamba istilahi fulani itahitajika, mwezi gani, na upande gani wa anga. Hata hivyo, ilipofika Oktoba 2024 bado haikuwa wazi, hata miongoni mwa waandishi wa habari, kitu kile kiitwe nani. Wengine walikiita kimondo, wengine nyota yenye mkia, wengine kometi. Wenzetu waliosomea kwa Kifaransa upande wa Rwanda, Burundi na Kongo huelekea kusema komete, kwa irabu ya mwisho tofauti.

Huenda msomaji mshauri wa sera akauliza kama jambo hili lina uzito. Ninaona linao, na sababu zake ni za kivitendo zaidi kuliko za kileksikografia.

2.0 Kimondo hupita, nyotamkia hukaa

Neno kimondo lina maana mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni mstari wa mwanga unaokatiza anga la usiku na kutoweka kabla mtu hajamaliza kumwonesha mwenzake. Ya pili ni jiwe au chuma kilichoanguka kutoka angani, kama Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi. Maana hizo zinaungana vizuri: kitu hupita kwa kasi, na pengine huanguka. Imani ya Kiislamu iliyozoeleka Pwani, kwamba vimondo ni mienge wanayorushiwa mashetani wanaodukiza habari za mbinguni, nayo inabeba wazo hilohilo la kurushwa na kupita.

Nyotamkia haina sifa hata moja kati ya hizo. Ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka Jua. Linapokaribia Jua, barafu hugeuka mvuke na kubeba vumbi, kiini kikazungukwa na ukungu unaong’aa, na kutoka hapo mikia miwili ikajengeka: mkia wa vumbi, mweupe na uliopinda kidogo, na mkia wa gesi yenye chaji, ulionyooka na wenye rangi ya samawati. Kwa mtazamaji aliyesimama uwanjani, kitu hicho hakisogei. Hushuka pamoja na nyota nyingine kuelekea upeo wa macho, na ukikitazama kesho yake utakikuta kimehama kidogo tu miongoni mwa nyota.

Hapa ndipo jina linapoanza kuharibu picha. Mtu aliyeambiwa kwamba jioni kutakuwa na kimondo atafanya kile ambacho maarifa yake ya lugha yanamtaka afanye: atashika simu mkononi, aelekeze juu, na kusubiri kitu kipite. Hatasimamisha kamera, hatatafuta upeo wa magharibi usiozibwa na miti, na hatajua kwamba analotakiwa kulifanya ni kuchagua eneo moja la anga na kuliachia kamera sekunde kadhaa. Atarudi nyumbani akisema hakikuja. Mtu huyo hakukosea. Alilitii neno.

Kuna madhara ya pili, yanayowahusu zaidi wanaotoa taarifa kwa umma. Sentensi “kimondo kinakaribia Dunia” na sentensi “nyotamkia inakaribia Dunia” hazisikiki sawa. Ya kwanza, kwa sababu ya ile maana ya kitu kilichoanguka, inaalika swali la wapi kitaangukia. Kilomita milioni 71 ni karibu mara 185 ya umbali wa Mwezi, lakini tarakimu hiyo haina nguvu ya kushinda neno ambalo limeshaweka tani 16 za chuma kichwani mwa msikilizaji.

Ni kweli kwamba nyotamkia nalo si neno lisilo na dosari. Kitu chenyewe si nyota. Mkia wake pia haufuati nyuma kama mkia wa ng’ombe, bali huelekea upande ulio kinyume na Jua, hivyo nyotamkia inapoondoka kwenye Jua husafiri mkia ukiwa umetangulia. Lakini lugha nyingine hazikufanya vizuri zaidi. Wagiriki waliona nywele, Wachina wanaona ufagio, na Waarabu, kwa neno mudhannab, wanaona mkia kama sisi. Kosa la nyotamkia ni la kisayansi na linaweza kusahihishwa darasani kwa sentensi moja. Kosa la kimondo ni la mwenendo: linamfanya mtu asimame mahali pasipofaa na afanye kitendo kisichofaa. Kwa kigezo hicho, na kwa kuwa nyotamkia inakwepa pia mvutano wa kometi na komete, napendekeza lishikwe hilo, na kimondo kibaki na maana zake mbili za asili.

3.0 Kitenzi ‘kupiga’ na tatizo la muda

Picha ya kwanza inayojulikana ya nyotamkia ilipigwa Uingereza mwezi Septemba 1858 na William Usherwood, mpiga picha za watu, aliyeifunulia nyotamkia ya Donati lenzi yake kwa sekunde 7. Picha yenyewe haikuhifadhiwa. Kwa Afrika, tukio lenye uzito zaidi ni la miaka 24 baadaye. Mwezi Septemba 1882 ilitokea nyotamkia iliyong’aa kiasi cha kuonekana mchana karibu na Jua. David Gill, mkuu wa kituo cha kifalme cha uangalizi wa nyota katika Rasi ya Tumaini Jema, hakuwa na kamera inayofaa. Alimwendea Allis, mpiga picha wa kitongoji cha Mowbray karibu na Cape Town, na kamera ya huyu ikafungwa juu ya darubini iliyokuwa ikizungushwa na mashine ya saa ili kuufuata mwendo wa anga. Mwezi Oktoba na Novemba walipata mfululizo wa picha, na katika baadhi yake lenzi iliachwa wazi kwa zaidi ya saa moja.

Kilichomshangaza Gill hakikuwa nyotamkia pekee. Nyuma yake kila picha ilikuwa imejaa nyota, nyingi mno kuliko alizotarajia. Akatambua kwamba kamera inaweza kuihesabu anga. Kazi iliyofuata, ambayo vipimo vyake vilifanywa na Jacobus Kapteyn huko Groningen, Uholanzi, ilizaa orodha ya nyota 454,875 za anga la kusini, iliyochapishwa kati ya 1896 na 1900. Inafaa wanaofundisha historia ya sayansi kwa Kiswahili wajue kwamba orodha hiyo kubwa ilianzia kwenye picha za nyotamkia zilizopigwa katika bara hili, kwa kamera ya mtu aliyejipatia riziki kwa kupiga watu picha.

Sasa tujaribu kuieleza kazi ya Gill na Allis kwa sentensi ya kawaida ya Kiswahili: “Walipiga picha kwa dakika 80.” Msomaji ataelewa kwamba kwa muda wa dakika 80 walikuwa wakipiga picha moja baada ya nyingine, kama mpiga picha wa harusi. Kwamba ilikuwa picha moja, iliyopokea mwanga mfululizo kwa dakika 80, sentensi haisemi, na kwa kweli inalizuia wazo hilo. Si kwamba kitenzi piga kila mara ni cha tukio la mara moja. Tunapiga gumzo kwa saa nzima na tunapiga makasia mpaka ng’ambo. Tofauti ni kwamba gumzo haligawanyiki katika vipande vinavyohesabika, ilhali picha hugawanyika. Yambwa inapokuwa kitu kinachohesabika na kinachokamilika, kijalizo cha muda hukifanya kitendo kijirudie.

Tatizo hili halikuhitaji kutatuliwa zamani, kwa kuwa picha ya mchana huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Katika picha ya nyotamkia muda ndio kila kitu. Mwanga ni hafifu, na kamera hushinda jicho kwa sababu moja kubwa: jicho haliwezi kuulimbikiza mwanga kwa sekunde kadhaa, kamera inaweza. Hivyo lugha ya maelekezo inahitaji kitenzi kinachostahimili muda.

Njia rahisi ni kutafsiri dhana ya Kiingereza moja kwa moja na kupata mfichuo. Siioni kuwa njia nzuri. Katika Kiswahili cha magazeti kufichua kunahusu siri, rushwa na magendo, na “muda wa mfichuo” unasikika kama kipindi cha uchunguzi wa polisi. Vitenzi ambavyo tayari vipo vinafanya kazi vizuri zaidi: kufunua na kufunika lenzi, kuacha kamera wazi, na kupokea mwanga. “Acha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 8” ni sentensi ambayo mtu yeyote ataielewa, na ndani yake mna sayansi sahihi. Kwa nomino, muda wa kupokea mwanga unatosha. Ni kirefu, lakini urefu wa istilahi haujawahi kumzuia fundi kufanya kazi. Utata ndio humzuia.

4.0 Kulenga, fokasi na nyota zinazochora mistari

Kitenzi kulenga kinatumika kwa mambo mawili ambayo mpiga picha wa usiku lazima ayatenganishe: kuelekeza kamera upande fulani, na kurekebisha lenzi mpaka kitu kionekane kwa ukali. Mchana utata huu hauna madhara kwa sababu kamera hufanya la pili yenyewe. Usiku haiwezi, kwa kuwa gizani haipati kitu cha kushikilia. Kwa hiyo maelekezo yanayosema “lenga nyotamkia” huacha nusu ya kazi bila kutajwa. Wapiga picha wa mijini wamekwisha kulitatua: wanasema fokasi. Sioni sababu ya kulikataa neno lao. Kuelekeza kwa la kwanza, fokasi kwa la pili, na maelekezo yawe hivi: weka fokasi kwa mkono, tumia nyota angavu au taa ya mbali, rekebisha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiiguse tena.

Ulimbikizaji wa mwanga nao una kikomo. Dunia hujizungusha, na anga huonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa. Kamera iliyosimama juu ya stendi ikiachwa wazi kupita kiasi, nyota huacha kuwa nukta na kuchora mistari mifupi. Wapiga picha hutumia kanuni ya makadirio: gawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, unaoandikwa kwa milimita, na jibu ni sekunde unazoweza kuiacha kamera wazi. Lenzi ya milimita 50 inatoa sekunde 10, ya milimita 200 inatoa sekunde 2.5. Kwa kamera za siku hizi zenye vihisi vyenye chembe ndogo ni salama kutumia nusu ya hapo. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazosogea kwa kasi zaidi katika picha, na kwetu sisi hizo ndizo zinazopita juu ya vichwa na kuzama magharibi hasa, mahali palepale ambapo nyotamkia ya jioni mara nyingi hukaa.

Anayetaka mwanga zaidi bila mistari hupiga picha nyingi fupi, kisha huzipandanisha kwa programu ya kompyuta ili nyota ziangukiane. Kupandanisha ni neno zuri hapa, nami sijasikia lililo bora. Mambo mengine hayana ugumu wa kilugha: kitundu cha lenzi kifunguliwe kadiri kinavyoweza (na msomaji aambiwe wazi kwamba namba ndogo maana yake ni tundu kubwa), usikivu wa kihisi uongezwe, na kamera iwashwe kwa kipima muda ili kidole kisiitikise. Simu ya kisasa yenye hali ya usiku hufanya sehemu kubwa ya haya yenyewe, mradi tu isishikwe mkononi.

5.0 Saa, upeo na ngumi

Utata wa saa unajulikana kwa kila mtafsiri, lakini katika suala hili una gharama kubwa. Maelekezo mengi ya nyotamkia huandikwa kwanza kwa saa ya kimataifa, halafu hugeuzwa. Kuna mageuzi mawili, si moja: la ukanda wa saa, na la mfumo wa kuhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Kampala na Kigali zimekaribiana sana kwa longitudo, lakini saa zao zinatofautiana kwa saa nzima. Mwezi Oktoba, inapotimu saa 12 na nusu jioni kwa saa za Kampala, Jua linakaribia tu kuzama. Saa ya ukutani Kigali inapoonesha saa 12 na nusu jioni, giza limeshaanza kutanda. Ukiongeza kwamba baadhi ya wasemaji wa Kongo husoma saa kwa mtindo wa Kifaransa, tangazo moja la redio la Kiswahili linalovuka mipaka linaweza kueleweka kwa namna tatu. Nyotamkia ya Oktoba 2024 ilitua magharibi muda si mrefu baada ya Jua katika siku zake za kwanza za jioni. Kosa la saa moja lilitosha kabisa kumkosesha mtu.

Suluhisho lipo katika lugha yenyewe, na ni la zamani kuliko saa za ukutani: kuhesabu kutoka kwenye Jua. “Dakika 40 baada ya Jua kuzama” ina maana moja Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi. Tena katika latitudo zetu kipimo hiki kinaaminika, kwa kuwa Jua hushuka karibu wima na giza kamili huingia baada ya saa moja na dakika 10 hadi 15 hivi, majira yote ya mwaka. Huko London katikati ya Juni giza hilo halifiki kabisa. Ndiyo maana maelekezo yaliyoandikiwa Ulaya hayafai kutafsiriwa tu. Yanapaswa kuandikwa upya.

Kwa mahali, digrii hazimsaidii mtu asiye na chombo cha kuzipimia, bali mkono wake unamsaidia: ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso hufunika takriban nyuzi 10. Nyota za kuongoza nazo zina majina. Katikati ya Oktoba 2024 ilitosha kusema: tazama magharibi, itafute Zuhura, kisha hamisha macho kuelekea kulia. Zuhura ni jina ambalo msemaji wa Kiswahili analo tayari, kama alivyo na Kilimia. Tarehe nayo ilihitaji tahadhari moja, kwa kuwa Mwezi mpevu wa tarehe 17 Oktoba ulimwaga mwanga uliofifisha mkia, na mtu mwenye subira alipaswa kuambiwa kwamba siku chache baadaye Mwezi ungechelewa kuchomoza na kumwachia giza la kutosha.

6.0 Mapendekezo kwa vyombo vya lugha

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA na BAKIZA hazihitaji orodha mpya ya istilahi za astronomia ili kulishughulikia jambo hili. Orodha kama hizo huchukua miaka, na nyotamkia haisubiri. Kinachohitajika ni tangazo fupi la kielelezo, lililokubaliwa mapema, ambalo chombo cha habari katika nchi yoyote ya ukanda kinaweza kulichukua na kubadili tarehe na upande tu. Mtaalamu wa anga athibitishe takwimu, mtaalamu wa lugha athibitishe kwamba kila kitenzi kinamfanya msomaji atende kitendo kilichokusudiwa. Natoa rasimu ifuatayo kwa nyotamkia ya jioni, ili ijadiliwe na kurekebishwa:

“Nyotamkia itaonekana magharibi kuanzia dakika 40 baada ya Jua kuzama. Haipiti kwa kasi kama kimondo, wala haitaanguka. Itakaa mahali pamoja, ikishuka taratibu pamoja na nyota. Simama mahali ambapo upeo wa magharibi hauzibwi na miti, majengo wala taa. Ielekeze kamera ngumi mbili juu ya upeo, juu ya stendi au ukuta. Weka fokasi kwa nyota angavu. Acha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 5, bila kuigusa. Itazame picha. Kama nyota zimechora mistari, punguza sekunde. Kama picha ni nyeusi, ongeza usikivu wa kihisi. Rudia mpaka nyotamkia itue.”

Rasimu hii ina maneno yasiyofika 100 na inasomeka redioni kwa chini ya dakika moja. Sehemu ninayoitilia shaka ni neno kihisi, ambalo nje ya Tanzania huenda likahitaji kubadilishwa au kuelezwa. Wajumbe kutoka Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ndio wanaofaa kuamua.